Ini la Kurudi Kundini

Wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi, najua mnasubiri kunisalimia, kwa hiyo naitikia kabisa: marahaba. Metroni wenu ameniomba niwaandikie mambo ya kazi, akasisitiza niandike mafanikio na changamoto. Mafanikio yangu ni kwamba nilistaafu nikitembea kwa miguu yangu mwenyewe. Changamoto ni magoti ya miguu hiyohiyo. Mengine nimeyasahau, au kiapo kinanikataza kuyasema, isipokuwa kisa kimoja ambacho wenyewe waliniruhusu. Walikuwa ndugu wawili, na siku waliponiruhusu walibishana hadi juu ya majina nitakayowapa. Nitawaita Baba Danieli na Elisha, kama walivyokubaliana mwishoni.

Lakini kwanza niwape sheria moja. Nilipoanza kazi pale hospitali ya mlimani, metroni wetu alikuwa mama mfupi mkali, na maneno yake yalikuwa mafupi kama yeye. Alisema: pua kabla ya mdomo. Mgonjwa akiletwa, mnuse kwanza, ndipo ufungue kinywa kusema ana nini. Siku moja ya mnada aliletwa kijana kutoka Gitting, anayumba, maneno hayashikani, na waliomleta wanacheka. Sisi wanafunzi tukacheka nao. Metroni akainama, akanusa pumzi ya yule kijana, akasema ananuka matunda yaliyoiva kupita kiasi, na hajui mnada wowote wa Hanang unaouza pombe ya matunda. Ilikuwa sukari imepanda. Tuliacha kucheka tukakimbilia dripu.

Nawaambia hili mapema kwa sababu kisa changu kilitokea pale tarafa nzima ilipotumia mdomo kwanza.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Ninyi mmezaliwa mkalikuta, sisi tuliliona likiingia. Mitumba ilifika Mbulu kabla ya dawa. Maduka ya dawa yaliota kama uyoga, mengine yakiuza na misumari. Zamani mtu mwenye kiu alisubiri mpaka pombe ya mtama iive kwa mama fulani, na kijiji kizima kilijua nani amesubiri. Sasa kiroba cha pombe kali kilikaa dukani pembeni ya madaftari ya shule. Halafu siku moja tukalala tukiwa mkoa wa Arusha, tukaamka tukiwa mkoa mpya wa Manyara, bila mtu kuhama. Tuliambiwa huduma zimesogezwa karibu. Zilisogea kweli, zikaishia Babati.

Baba Danieli alikuwa mkulima wa Maretadu, mahindi na maharage, na kanisani ndiye aliyesoma masomo ya Jumapili kwa sababu sauti yake ilifika nje bila spika. Basi ikaanza hivi: akisimama kusoma, wekundu unapanda kutoka kifuani, unashika shingo, unafika kwenye paji la uso. Sisi wa huku wengi rangi yetu ni maji ya kunde, na uso ukiwaka unaonekana mpaka benchi la mwisho. Akimaliza kusoma, anatoka mbio kwenda chooni. Kwenye harusi akila nyama ni vilevile, anawaka, anakimbia. Anakonda. Na pumzi inapiga filimbi kidogo.

Usharika ukaunganisha mambo kwa haraka kuliko daktari yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Uso mwekundu, tumbo linaendesha, mwili unakwisha: mtu anakunywa, tena anakunywa kwa siri, tena kabla ya ibada. Aliyesema kwa sauti zaidi alikuwa Elisha, mdogo wake wa tumbo moja, mzee wa kanisa, mtu safi ambaye hata togwa iliyolala alikuwa hainywi. Msidhani alimchukia kaka yake. Alimpenda, na mkitaka kujua watu wanaumizwaje huku kwetu, angalieni wanaopendwa na wazee wa kanisa.

Baraza la wazee likamtenga. Kama hamjui, mtu aliyetengwa hasogei meza ya Bwana, hasomi, hasimamii ubatizo, na akifa kengele haigongwi. Kurudi kundini si vigumu: unasimama mbele ya usharika, unataja dhambi yako, unaombewa, unapewa mkono. Kuna waliorudi mara nyingi mpaka wakazijua ngazi za madhabahu kwa macho yaliyofumba. Baba Danieli alipoitwa kutubu aliwauliza swali moja.

"Nitubu pombe ipi? Nitajieni jina lake, maana mimi siijui."

Wakaandika kwamba sasa ana dhambi ya pili, kiburi.

Wakamleta hospitali apimwe ulevi, kana kwamba tulikuwa na kipimo. Elisha ndiye aliyemshika mkono. Nilikuwa mkuu wa wodi wakati huo. Nikawaamkia "saita," kama tunavyoamkiana Wairaqw, nikainama kujifanya namwekea kipimajoto, nikamnusa. Alinuka maziwa mgando na moshi wa jikoni. Nikamwambia Elisha, huyu hajanywa. Akanijibu kwa heshima kubwa kwamba siku hizi kuna pombe zisizonuka, soko huria limeleta kila kitu.

Sasa nisiwadanganye kwamba sisi wa hospitali tulikuwa na akili kuliko baraza. Huku kwetu mtu haruhusiwi kuugua ugonjwa mwingine kabla hajamaliza malaria, taifodi, amiba na minyoo. Baba Danieli alizimaliza zote kwa utaratibu, nyingine akazirudia. Kila mara akipata nafuu kidogo tunajipongeza, kila mara wekundu unarudi. Kuharisha kwake hakukuwa na damu, hakukuwa na homa, na hata asipokula kitu aliharisha. Mkiona hivyo, wanangu, msiongeze dozi ya dawa ya amiba. Amiba naye ana mipaka.

Kisha tukapata mashine ya ultrasaundi, na daktari kijana wa kuitumia. Siku ya Baba Danieli nilishika taa kwa sababu balbu ilikuwa imeungua. Daktari alipaka jeli, akapitisha kile kidude chini ya mbavu. Ini lilikuwa na madoa kila upande, kama shamba alilopanda mtu aliyerusha mbegu bila mistari. Akalibonyeza tumbo kwa mkono ili ahisi ukubwa wa ini, na palepale, mgonjwa amelala, hajala tangu jana, uso ukawaka mwekundu mbele yetu. Daktari akaondoa mkono. Mshike hilo pia: ini la mgonjwa wa namna hii halikandwi kama unga wa chapati, kwa sababu ukilikamua linamwaga kilichomo.

"Sista," akasema, "hii si pombe."

Nikamwambia nimefurahi kwamba sasa tuko wawili.

Alichoiambia familia kilikuwa kifupi: kuna uvimbe mwingi kwenye ini, aende hospitali kubwa ya kanda. Habari hiyo ilipanda gari la Haydom, ikashuka Maretadu ikiwa imenenepa: ini la Baba Danieli limeoza. Na ini, kwa akili ya kijiji, haliozi ila kwa kitu kimoja. Elisha alisimama kwenye baraza akasema maneno niliyoyasikia yakirudiwa mwaka mzima: "Hata mashine imesema."

Hospitali ya kanda walikata kipande kidogo cha ini, wakakipeleka kwa wanaosoma vipande, majibu yakarudi. Ni uvimbe wa chembe zinazotengeneza homoni, saratani ya namna yake. Ulianzia kwenye utumbo mwembamba, mdogo kama punje ya mahindi, ukatuma watoto wake kwenye ini, na hao watoto ndio wanaomwaga homoni kwenye damu. Homoni ndizo zinazoupaka uso rangi na kulifungulia tumbo. Kusimama mbele za watu, nyama, wasiwasi, vyote vinazichochea. Kwa hiyo kila walipomwita barazani kumwuliza kwa nini uso wake mwekundu, wao wenyewe ndio waliuwasha.

Madaktari wakaupasua utumbo, wakakiondoa chanzo. Wakampa sindano ya kila mwezi ya kuzituliza zile homoni, nasi tuliitunza kwenye friji ya chanjo na kuigombea nafasi na chupa za soda za mhasibu. Alipata nafuu, aliongezeka hata mwili. Kisha sindano ikaanza kuzidiwa. Ini halikuwa na sehemu nzima ya kuacha, wangekata wapi wabakize wapi?

Hapo ndipo bingwa mmoja alipotaja kupandikiza ini, India. Nami nilishangaa, kwa kuwa tulifundishwa kwamba saratani ikishafika kwenye ini kutoka mahali pengine, hupandikizi. Ni kununua godoro jipya na kulitandika kwenye nyumba yenye kunguni. Bingwa akacheka, akasema ni kweli kwa saratani nyingi, lakini hii ni mvivu. Inatembea polepole, chanzo kimeshatolewa, wamempiga picha mwili mzima na kumsubiri kwa muda waone kama itaonekana kwingine, haijaonekana. Mgonjwa hajazeeka, moyo wake mzima. Watu wa namna yake ni wachache sana, akasema, lakini wapo. Na hata hivyo inaweza kurudi. Alisema hilo bila kupunguza, na mimi nilipolipeleka kwa Kiiraqw sikupunguza.

Kazi ya kueleza neno lenyewe ikawa yangu. Nilikaa na familia kwenye veranda ya wodi: Baba Danieli, mkewe Mama Danieli, Danieli mwenyewe aliyekuwa na duka la mitumba Babati, na Gidamis, rafiki wa Baba Danieli kutoka Hirbadaw, mfugaji wa Kidatoga; hao wawili walitunziana ng'ombe, wa huyu wakilala zizini kwa yule, tangu enzi za baba zao. Nikasema, watampandikiza ini. Nikaona nyuso zinatulia, nikafikiri nimefaulu. Kumbe kila mmoja alikuwa anafikiria kupandikiza vitunguu.

Baba Danieli akauliza mche unatoka kitalu gani.

Gidamis akasema hilo si la kuuliza, ana dume la kondoo lisilo na doa, ini lake linafaa hata kwa mfalme. Nikamweleza kwamba ini la kondoo mwili wa mtu utalikataa. Akafikiri, akapandisha dau mpaka ng'ombe. Ilibidi niseme wazi: linatoka kwa mtu, aliye hai, wa damu moja, anakatwa kipande chake, na kinachobaki kinaota tena kwake, na kilichohamishwa kinakua kwa mwenzake. Gidamis akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeharibiwa na masomo, akasema kwa upole kwamba yeye amechinja tangu utoto na hajaona ini linaloota.

Danieli alijitolea kwanza, namshukuru. Akapimwa. Damu ilifanana, lakini daktari alipoliangalia ini lake kwenye mashine akakuta limejaa mafuta. Akamwuliza anakunywa nini. Soda, akasema Danieli. Daktari akamwuliza soda ya namna gani, Danieli akaangalia dirishani. Basi ona mambo: mashine iliyomhukumu baba asiyekunywa ndiyo iliyomfumania mwana, na mwana alikuwa anapokea meza ya Bwana kila mwezi bila tatizo. Dada yake Danieli alikuwa mjamzito, hakufaa. Akabaki Elisha.

Hapo sasa ndipo pagumu. Tangu kutengwa, ndugu hawa walikuwa hawasemeshani. Mashamba yao yalipakana, na wakikutana kwenye mpaka kila mmoja alikuwa anakagua mahindi yake. Baba Danieli akasema hataomba. Mama Danieli akalia. Nikamwomba Baba Danieli ruhusa ya jambo moja tu: daktari amweleze Elisha ugonjwa wenyewe. Maana siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata inapomwua. Akasema nimwambie, ila nisimwombe.

Elisha alikuja amevaa koti la Jumapili. Daktari akamchorea utumbo na ini kwenye karatasi, akaeleza. Mimi nikatafsiri. Alipomaliza, Elisha aliuliza swali moja, akalirudia.

"Pombe haihusiki?"

"Haihusiki, baba."

"Hata kidogo haihusiki?"

Haihusiki. Akaangalia mikono yake. Akasema, "Basi nilimtenga kwa ugonjwa." Kisha akauliza kama kweli ini linaota.

Alipopimwa alifaa kila kitu. Ini lake lilikuwa safi mpaka daktari akaita wenzake waje walione, maana ukikaa mlimani huku miaka mingi bila tone la pombe unakuwa kitu cha kuonyeshana. Na haya ndiyo yaliyonichekesha wakati ule, ingawa nilicheka peke yangu stoo ya mashuka: ule usafi aliomtangazia kaka yake kwa ukali wote ndio sasa uliotakiwa tumboni mwa kaka huyohuyo.

Akaenda kwanza barazani kuomba kaka yake arudishwe kundini kabla ya safari. Wazee wenzake walimsikiliza vizuri. Wakasema wamefurahi kujua ni ugonjwa. Lakini utaratibu ni kwamba mtu anarudi kwa kutubu, na huyu hajatubu, na hakuna kifungu cha kumrudisha mtu ambaye hakuondoka. Kosa la kumtenga asiye na kosa halikuwa na kifungu kwa sababu halijawahi kutokea. Wakaahidi kuliombea.

Mama Danieli alimpigia mumewe magoti wodini. "Tubu tu," akamwambia. "Tubu hata chupa moja. Ukifia huko, utaletwa uzikwe bila kengele, nami nitawaambia nini wajukuu?"

"Nikitubu pombe ambayo sikunywa," akasema, "hapo ndipo nitakuwa nimefanya dhambi."

Akaondoka akiwa ametengwa. Habari ya gharama nitairuka. Ng'ombe waliondoka, wa Hirbadaw wakiwa wengi kuliko wa Maretadu, na wenyewe wanawakumbuka kwa majina na rangi.

Mimi nilipelekwa kama muuguzi msindikizaji na mkalimani, kwa sababu wale wawili hawakujua Kiingereza. Changu kilikuwa Kiingereza cha chati: joto, mapigo ya moyo, choo. Huko India, kabla ya upasuaji, kuna kamati inayomhoji mtoaji ili wahakikishe hakununuliwa. Jambo zuri sana, na bado naliunga mkono, ila siku ile nusura lituue. Elisha aliketi mbele ya meza ndefu, koti la Jumapili, mikono magotini. Mwenyekiti, mama wa miwani, akamwuliza kwa nini anatoa ini lake.

Elisha akajibu neno moja. "Ninarudisha."

Nikalitafsiri kama lilivyo. Kalamu zote zikasimama. Mwenyekiti akauliza, anarudisha nini? Hilo ini lilikuwa la kaka yake? Kuna makubaliano gani kati yao? Mwingine akaanza kuandika haraka. Wanangu, nililoa jasho. Kwetu mtu anarudi, anarudishwa, anarudisha, na kila mmoja anajua kuna kanisa, kuna ng'ombe wa watu waliolala zizini mwako, kuna aibu. Kwa Kiingereza changu cha chati, kurudisha ni kurudisha beseni. Nikaomba ruhusa nimwulize tena, nikamwambia kwa Kiiraqw, Mzee Elisha, hawa wanadhani unauza, sema yote.

Elisha akasema polepole, nami nikatafsiri kila neno nyuma yake, nikiwa nimeshika kiti.

"Mwambie mama huyu kwamba nilimchukulia kaka yangu jina lake. Nilisema ni mlevi mbele za watu, na alikuwa mgonjwa. Jina silijui liko wapi sasa, siwezi kulitoa likarudi lilivyokuwa. Ini najua lilipo."

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, akairudisha. Wakatupitisha. Na mimi, niliyewafundisha wenzangu wengi kwamba muuguzi halii mbele ya mgonjwa, nilitoka nikalia kwenye korido mpaka mfagiaji akaniletea maji.

Upasuaji nisiusimulie kama niliuona, sikuuona. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Madaktari wa usingizi walimlinda Baba Danieli kwa dawa tangu mapema, kwa kuwa uvimbe wa namna ile ukiguswa unaweza kumwaga homoni zote pamoja na kuliangusha shinikizo la damu. Elisha alitoka kwanza. Alipozinduka aliuliza kama kaka yake amekuwa mwekundu. Hakuwa mwekundu.

Tuliporudi, Mama Danieli alimpokea mumewe Babati, akamwangalia usoni, akaogopa, akaniuliza pembeni mbona amepauka. Alikuwa amesahau rangi ya mume wake. Gidamis alikuja na kibuyu cha maziwa mabichi yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe, dawa ya kila aliyepungukiwa nguvu, nikasimama mlangoni kama askari. Nikamweleza kwamba dawa anazomeza rafiki yake ili mwili usilikatae ini zinaushusha ulinzi wa mwili, kwa hiyo maziwa yachemshwe, dawa za mizizi hapana, na vidonge kwa saa yake maisha yake yote. Alichemsha maziwa mwenyewe, akinuna. Simu ya Danieli ikatumika kama saa. Ililia katikati ya mahubiri Jumapili nyingi, mchungaji akajifunza kusimama kidogo, Baba Danieli ameze, kisha kuendelea na Waefeso.

Ndiyo, mahubiri. Maana alirudi kundini, na nitawaambia alivyorudi. Jumapili ya kwanza alikaa benchi la nyuma, la waliotengwa. Wakati wa toba Elisha alitembea kwenda mbele, amejishika ubavu wa kulia. Mchungaji akafikiri amekuja kama mzee wa kanisa, akamsogezea kiti. Elisha akabaki amesimama. Akasema anatubu ushuhuda wa uongo juu ya ndugu yake, na mpaka huyo atakapokaribishwa mezani yeye naye hatakaribia. Wazee wakaanza kunong'onezana juu ya utaratibu. Kutoka nyuma ikaja ile sauti isiyohitaji spika.

"Ini la mzee wa kanisa limo tumboni mwangu. Mkiendelea kunitenga, amueni kwanza lile nalo mnalitenga kwa kosa gani."

Kanisa lilicheka mpaka mchungaji akacheka. Wakaitwa wote wawili mbele, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni nani aliyekuwa anarudi. Jumapili iliyofuata Baba Danieli alisoma somo, na uso wake ulibaki maji ya kunde mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwepo. Sikusikia hata mstari mmoja wa somo, nilikuwa naangalia shingo.

Aliishi miaka mizuri. Alivuna, alisimamia ubatizo wa wajukuu, aligombana na Elisha juu ya mpaka wa shamba kwa sauti kubwa, jambo lililotufurahisha sote. Kisha ule uvimbe mvivu ukakumbuka kazi yake, ukaonekana kwenye mifupa. Bingwa alikuwa ametuambia. Alifia nyumbani, hana maumivu, ini likiwa zima bado. Naandika haya bila kutaka muone ni ushindi au ni kushindwa. Alipata miaka aliyokuwa hana, na aliipata akiwa na jina lake.

Siku ya kuzika, kengele iligongwa. Kazi hiyo ni ya mzee wa kanisa wa zamu, lakini Elisha aliichukua kamba mkononi mwake. Kengele ya maziko ina kiasi chake, tunakijua. Elisha alikipita. Mchungaji akampa ishara ya mkono kwamba inatosha, hakuona, au aliona. Aliendelea kuvuta, koti limefunguka, anayumba na kamba, uso umewaka mwekundu wote mpaka masikioni, machozi yanaingia mdomoni, kengele inalia Maretadu nzima.

Mwanamke kijana aliyesimama karibu nami, mgeni aliyeolewa kwetu juzi tu, akaziba mdomo kwa kanga, akaninong'oneza kwamba yule mzee leo amekunywa.

Nikamwambia, "Mwanangu, nenda kamnuse kwanza."